Kabla Hujamfukuza Sadiki

Asifiwe mwanangu,

Barua hii nimeisukuma ndani ya buti la baba yako, la mguu wa kulia, hadi kwenye vidole, ili usiweze kulivaa bila kuikuta. Najua utashangaa. Tunalala nyumba moja, tunakula sahani moja, na mama yako anakuandikia kana kwamba uko Kinshasa. Lakini tangu jana usiku nimejaribu kukueleza kwa mdomo, na kila nikianza unaniambia, "Mama, nimeshasikia," wakati sijasema hata neno. Kwa hiyo nimekaa mezani mchana huu, mvua inapiga mabati, wadogo zako wako kwenye mazoezi ya kwaya, na wewe umekwenda kumtafuta mtu wa pikipiki wa kukupandisha kesho kwa ng'ombe alizoacha baba yako. Karatasi haiwezi kuniambia imeshasikia.

Mambo ya kawaida nayaruka. Namna ya kufua, namna ya kula kwa watu, namna ya kujibu kwenye vizuizi vya barabarani, hayo unayajua, na ya vizuizi unayajua kuliko mimi. Nina jambo moja tu.

Jana jioni ulikuwa nyuma ya jiko na rafiki yako, nami nilikuwa ndani nakoroga sombe. Nilikusikia. Ulisema, "Ile siku nitafika Kirolirwe, njo ile siku Sadiki atatoka. Atabeba fimbo yake na kwenda. Aliachaka papa afe na baridi, yeye ameketi pa mulango." Rafiki yako akasema ni haki. Mwiko ulinisimama mkononi. Sombe iliungua kidogo, ulilalamika mezani, nikakuambia ni kuni mbichi.

Ninaandika kwa sababu ya maneno hayo. Kabla hujamfukuza Sadiki, mchungaji wetu, kuna kitu ambacho hujui kuhusu baba yako, kuhusu mimi, na kuhusu baridi.

Wewe umekulia huku Mpofi. Vita vilipotushusha kutoka kwenye vilima nilikubeba mgongoni, huna unalokumbuka; baba yako ndiye aliyekuwa anapanda kurudi kwa ng'ombe, sisi tukabaki. Hapa kwa watu wangu, ukisema leo kuna baridi, una maana kwamba mtu amevaa shati la mikono mirefu. Ya Kirolirwe ni kitu kingine. Kule mvua inaanza na jua bado liko juu, upepo unapita juu ya majani na hakuna mti wa kuukata, na ukiwa umelowa unaanza kupungua. Sina neno bora. Mtu anapungua.

Ile hadithi ya maji unaijua. Nani haijui? Baba yako aliisimulia kwenye kila harusi, na akipata glasi ya pili ya kasiksi aliisimulia mara mbili. Alikuwa anasimama, anavua kofia, anasema, "Batu ya pori bako na akili sana! Miye minarudia nyumbani, minakufa na baridi, bibi yangu wa Walikale ananimwangia maji ya baridi!" Halafu ananiigiza nikikamua kitambaa, na watu wanalala chini kwa kicheko. Wewe mwenyewe uliisimulia shuleni, mwalimu akaniuliza sokoni kama ni kweli. Nilicheka pamoja na wote. Hata leo naweza kuicheka, mpaka pale anapoishia. Ninachotaka kukuandikia kinaanzia pale anapoishia.

Sisi watu wa pori tunajua kutetemeka kwa aina moja tu. Mtoto akitetemeka ni malaria. Unajua mwenyewe: meno yanagongana, analia baridi, unamgusa na mwili unawaka. Unamvua, unamfuta kwa kitambaa cha maji, unafungua mlango hewa ipite, unampa kinini. Nimefanya hivyo kwa wadogo zangu kabla sijaolewa, nimefanya kwako, na walio hai wako hai kwa sababu hiyo. Kwetu, anayemfunika mtu anayetetemeka anaitwa mjinga.

Basi nikaolewa, nikapelekwa juu. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa kituko. Niliogopa ng'ombe. Sikujua kukamua, nilimwaga maziwa, ndoo ilipigwa teke, watoto wa jirani walinifuata kisimani kuona nitaanguka wapi. Hakuna kitu nilichokijua ambacho kilikuwa na faida kule. Nani anataka kujua namna ya kuchoma panya wa msituni kati ya watu wanaokunywa maziwa asubuhi na jioni? Nakuambia hili ili uelewe furaha yangu ya kijinga siku ile.

Baba yako alikuwa ametoka asubuhi kutafuta mtamba aliyejitenga na kundi. Mvua ikamkuta upande wa pili wa kilima. Akarudi alasiri bila mtamba, amelowa hadi kwenye mfupa, na alikuwa anatetemeka. Meno yanagongana, maneno yanatoka mazito. Aliniambia nimfungulie vifungo vya koti kwa sababu vidole vimekataa. Nami moyoni nikasema, ah, huu ugonjwa ninaujua. Mwishowe kuna kitu katika nyumba hii ninachokijua kuwashinda.

Nilimvua koti. Shati na suruali zilizolowa nikamwachia, nikaona ni vizuri, zinampoza. Nikafungua mlango. Nikaleta beseni la maji ya kisimani, na maji ya kule yanauma mkono, nikamfuta usoni, shingoni, kifuani. Akasema, "Mama, minasikia baridi." Nikamwambia, "Hapana, homa njo inakudanganya." Akanitazama. Alikuwa mtu wa kubishana na kila kitu, hata na padri, lakini hakubishana. Aliketi tu pale kwenye mkeka akiniacha nimwoshe, na baada ya muda kutetemeka kukapungua, kisha kukakoma. Akataka kufunga kifungo cha shati akawa anashika hewa. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nilidhani homa imeshuka.

Asifiwe, baba yako hakuwahi kufika hapo katika kusimulia. Yeye alisema, "ananimwangia maji," watu wakacheka, kisha, "mama yangu akaingia akaniponya mu mikono ya bibi yangu!" na hadithi ikaisha. Hivyo ndivyo ilivyokuwa inaisha.

Mama yake aliingia kweli. Koko yako Domitila, ambaye hukumfahamu vizuri, mwanamke mfupi aliyetembea haraka. Alikuja na maziwa. Aliona beseni, akaona mlango, akaweka kibuyu chini. Hakunipigia kelele mwanzoni. Alipiga magoti, akaingiza kiganja chini ya shati la mwanawe mpaka tumboni, akakiacha pale.

"Homa iko wapi?" akaniuliza.

"Ilikuwa ya kutetemeka, Mama. Sasa imeshuka."

"Gusa hapa."

Niligusa. Mkono na mguu wa mtu vinaweza kuwa baridi, hiyo ni kawaida. Lakini tumbo lake, mahali ambapo mtu ni moto hata akilala nje, lilikuwa baridi. Ndipo nikaelewa nilichokuwa nafanya.

Wanaume wawili wa jirani walikuwa wamesikia sauti zetu, wakaingia. Mmoja akamshika baba yako makwapani amburute hadi kwenye moto, amsugue miguu kwa nguvu. Mwingine alikuja na chupa ya kanyanga, ile pombe kali. Walikuwa watu wema. Domitila akawafukuza wote wawili kama kuku. Baadaye aliniambia sababu, na mimi nakuambia: kanyanga inawasha koo tu, huku inafungua ngozi na joto lililobaki linatoka nje. Na miguu iliyopoa usiisugue, wala usimsimamishe mtu atembee, kwa sababu ile damu baridi iliyolala miguuni inarudi moyoni kwa ghafla, na moyo unaweza kukataa. Wala usimweke karibu na moto, kwani ngozi yake haisikii tena, ataungua bila kulia. Anza na kifua, na tumbo, na shingo. Mikono na miguu itafuata yenyewe.

Akafunga mlango. Tukamvua kila kitu kilicholowa, tukamkausha kwa kitenge changu kingine taratibu, bila kusugua. Akatandika blanketi chini yake kwanza, kwa sababu baridi ya sakafu inapanda. Kisha akanigeukia.

"Sasa weye. Toa manguo, ingia, mulale naye. Kifua kwa kifua."

Mwanangu, utanisamehe, nakuandikia vitu ambavyo mama haandiki kwa mwanawe. Lakini elewa nyumba ile. Mimi nilikuwa bibi-arusi. Kule kwao, bibi-arusi hali mbele ya wazazi wa mume. Nilikula nimegeukia ukuta. Jina la baba mkwe sikulitamka, hata neno linalofanana nalo nilitafuta lingine. Naye baba mkwe alikuwa hapo hapo, upande wa pili wa ukuta wa matete, namsikia akikohoa. Na mwanamke huyu ananiambia nivue nguo mbele yake.

Nikasema, "Mama, siwezi. Ni haya."

"Haya njo itamuua."

"Mama, ingia weye. Ni mutoto yako."

"Ni muanaume muzima! Weye njo bibi yake. Uko naogopa mimi ao uko naogopa kifo?"

Nilisimama nimeshika kitenge shingoni kwa mikono miwili. Sijui nilisimama muda gani. Ninaota muda ule mpaka leo, na katika ndoto sivui kamwe. Nilimpenda baba yako, sikuwa na shaka na hilo, na bado nilikuwa nimesimama nikitazama midomo yake ikibadilika rangi kwa sababu nisingeweza kuonekana mgongo na mama mkwe. Watu wanafikiri haya ni kitu kidogo. Ilikuwa kubwa kuliko chumba.

Mwishowe Domitila akachukua blanketi jingine, akalinyanyua kwa mikono yote miwili kati yake na mimi, akageuza uso wake ukutani. Akasema, "Sikuoni. Sitakuona mupaka kufa kwangu." Nikaingia.

Alikuwa baridi namna ambayo mwili wangu ulitaka kukimbia. Nilimshika. Mama mkwe akatufunga pamoja kwa blanketi, juu akaongeza turubai ili joto lisitoke, akamfunika kichwa kwa kitambaa chake mwenyewe. Akachemsha maji, akajaza vibidoni viwili, akavifunga kwa nguo, akavijaribu kwenye shavu lake, akaviweka chini ya makwapa ya mwanawe. Tukangoja. Mimi nililia shingoni mwake kwa kujificha.

Halafu akaanza tena kutetemeka, kwa nguvu mpaka nikaumia meno. Nikapiga kelele, "Mama, imerudi!" Akajibu bila kugeuka, "Wacha atetemeke. Kutetemeka njo kazi ya mwili. Akitetemeka, iko napigana bado." Na hilo, Asifiwe, ndilo nililokuwa nimelishangilia lilipokoma. Nilimshukuru Mungu wakati mwili wa mume wangu ulikuwa unaacha kupigana.

Alipoweza kushika kikombe mwenyewe na kumeza bila kupaliwa, akapewa maziwa ya moto yenye sukari nyingi, kidogo kidogo. Sukari njo kuni, alisema mama mkwe. Na unajua neno la kwanza la baba yako? Aliniona nimevimba macho, akasema, "Ni nani aliniosha vizuri hivi?" Hapo ndipo hadithi ya maji ilipozaliwa, ndani ya blanketi lile, ili mimi niache kulia.

Alinifanyia wema. Aliisimulia miaka yote ikiishia mlangoni, ili haya yangu isiguswe. Domitila naye alishika neno lake. Alikufa bila kuinua jambo lile hata tukiwa wawili. Nilikuwa na watu wawili walioniheshimu kwa kunyamaza, nami nikawashukuru na kunyamaza zaidi. Hivyo watu wote wa kilima kile walijua kwamba mtu aliyepatwa na baridi hamwagiwi maji. Kilichofuata hakuna aliyekijua. Tuliwapa kicheko tukaficha dawa.

Sasa nije kwa Sadiki.

Unakumbuka siku alipokuja hapa. Mvua kama hii ya leo. Alitembea kutoka juu kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa na risasi, na sababu hiyo hiyo ndiyo iliyotuzuia sisi kwenda kuzika. Alisimama uani akiwa ameshika haya mabuti kifuani. Alipotamka habari, ulimsikia akisema, "Niliketi pa mulango mupaka asubui," ukachukua jiwe. Sikukulaumu. Mjomba wako alikuondoa uani, na yaliyofuata hukuyasikia. Mimi niliyasikia. Nilimuuliza moja moja, kwa sababu nilikuwa mtu pekee aliyejua cha kuuliza.

Walikuwa wawili tu kwenye kibanda cha malisho. Baba yako alirudi amelowa, anatetemeka, anazungumza, anatania. Ilikuwa ile baridi ya mwanzo, ambayo mtu anatoka ndani yake akisaidiwa. Sadiki alimlaza mahali pazuri, ndani kabisa, mbali na upepo.

"Ulimutoa manguo?" nikamuuliza.

"Hapana, Mama. Nilijaribu koti, akasema niache nilale. Ni patron. Nitamutoa patron suruali namna gani?"

"Ukafanya nini?"

"Nilikumbuka hadisi yake ya maji. Nikasema, miye sitafanya ile bujinga. Nitamufunika. Nilimupa blanketi yake, nikamupa na yangu. Nikaenda kuketi pa mulango, nisimusumbue. Kisha akaacha kutetemeka, nikasema, asante Mungu, amepata joto."

Soma tena mstari huo. Ni maneno yangu, Asifiwe. Ni maneno yangu yaleyale, kutoka kinywani mwa mtu mwingine, kwenye kilima kilekile.

Yeye alimfunika juu ya nguo zilizolowa, na mtu akifunikwa amelowa unaifunga baridi ndani pamoja naye. Alijitoa mwenyewe joto lake, akaenda kukaa mlangoni kuzuia upepo kwa mgongo wake, kwa sababu mfanyakazi halali na patron. Kila alichofanya kilikuwa heshima. Mimi nilisimama na kitenge shingoni kwa heshima hiyo hiyo. Tofauti yetu ni kwamba kwangu mimi Domitila aliingia na maziwa. Kwake hakuna aliyeingia.

Kisha akaniuliza. Alikuwa amekaa kwenye kile kigoda chako, hakula. Akasema, "Mama, ningefanya nini?" Na mimi, mwanamke pekee duniani aliyekuwa na jibu, nilimwambia, "Ni Mungu amepanga." Kwa sababu kumjibu kungekuwa kumweleza mfanyakazi wa mume wangu kwamba nililala uchi huku mama mkwe ameshika blanketi. Umri huu wote, mjane, na bado nilishika kitenge. Akaondoka na uongo huo, akapanda kurudi kwa ng'ombe zetu. Tangu siku hiyo anawachunga peke yake, anatutumia sehemu ya maziwa ikiwa fromaji, yaani jibini, na anangoja ufike.

Sikuombi umpende. Hasira yako naielewa, ninayo pia, ila mimi najua anwani yake na wewe unaipeleka kwa mtu asiye wake. Ukitaka mtu aliyemwacha baba yako, mtu huyo anakupikia chakula cha safari sasa hivi. Ukasirike na mimi. Nitakuwa hapa, mlango uko wazi, ukitaka kurudi uje unipigie kelele, upige.

Lakini Sadiki mwambie. Hili nakuomba. Mwambie kile nilichoshindwa kumwambia, yote, hata sehemu ya kitenge, usinifiche tena. Mwambie kwamba hakujua kwa sababu mimi sikusema. Itamuuma kujua kwamba kulikuwa na njia. Nimefikiri sana kama ni ukatili, na sina hakika kwamba si ukatili. Ila atakuwa nawe juu pale, na siku moja utakuwa wewe uliyelowa, na nitakuwa huku chini, siwezi kuingia na maziwa.

Utaijua baridi kwa mikono kabla ya mahali pengine. Kifungo kikikushinda, kamba ikikuponyoka, umeanza. Ukijikwaa mahali tambarare na maneno yakawa mazito, usimalize kazi uliyokuwa unafanya, hata kama ni ndama. Sema. Ukijiona unanung'unika, "niache nilale," huyo si wewe anayesema. Sadiki akisema hivyo, usimtii. Na umwambie asikutii wewe, hata kama siku hizi unaitwa patron. Vueni vilivyolowa, jikausheni, mlale pamoja, kifua kwa kifua au kifua kwa mgongo, kichwa kifunikwe, kitu kitamu cha moto kama anaweza kumeza. Na kama ameshaacha kutetemeka huku mwili bado ni baridi, anaropoka au hajibu, hilo limeshapita nguvu ya kibanda. Endelea kumpa joto, usimtikise, tafuta watu wambebe amelala hadi kituo cha afya.

Nakusikia. "Mama, mwanaume na mwanaume?" Ndiyo. Mlilala wanne kitanda kimoja na binamu zako mpaka kitanda kikavunjika, hakuna aliyekufa kwa aibu. Haya itakuja, nakuhakikishia, itasimama mlangoni na itakuwa na sababu nzuri sana za heshima. Nimeishi nayo. Inaongea kwa adabu.

Wadogo zako wanarudi, nasikia nyimbo njiani, lazima nimalize.

Asubuhi uliniuliza kwa nini nimekufungia blanketi moja wakati sandukuni yamo mawili. Nikasema mzigo utakuwa mzito kwenye pikipiki. Haikuwa kweli, lile jingine ni jepesi. Nimekufungia lile kubwa jekundu kwa sababu linafunika watu wawili.

Sadiki hana lake. Alimfunika nalo baba yako, na ndilo walilomzika nalo.

Mimi mama yako,
Mama Asifiwe